Chumvi inaua seli vipi? Hamira, mitokondria na molekuli ndogo zinazotusaidia kujua

Ukipita Bahi, mkoani Dodoma, mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijaanza, utakuta mabaka meupe juu ya udongo wa majaruba ya mpunga. Mkulima wa pale hahitaji kuambiwa ni nini. Mto Bubu unamwaga maji yake katika bonde lile, na bonde halina mlango wa kutokea kwenda baharini. Maji yanakuja na chumvi zake, jua linayakausha, chumvi inabaki. Mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka haitoshi kuisafisha.

Mabaka hayo yanazaa swali fupi sana: chumvi inaua seli vipi? Wanafunzi wengi hujibu papo hapo kwamba chumvi inanyonya maji. Jibu hilo ni sahihi, ila ni kipande tu. Ndani ya swali kuna maswali matatu yaliyosokotana. Moja ni la maji, la pili ni la sodiamu yenyewe, na la tatu ni la nishati: seli inayopambana na chumvi inalipia gharama za mapambano hayo kutoka wapi? La tatu ndilo linaloniteka zaidi, maana linatupeleka moja kwa moja kwenye mitokondria, vyumba vya nishati vya seli, na bila vifaa maalumu huwezi kulitenganisha na mawili ya mwanzo. Vifaa hivyo ni molekuli ndogo.

Utafiti wenyewe haukuanza na mpunga. Sehemu kubwa umefanyika kwenye hamira, Saccharomyces cerevisiae, kiumbe kilekile kinachoumua maandazi na kinachogeuza zabibu za Makutupora na Hombolo kuwa mvinyo. Hamira ni seli moja, inajigawa kila baada ya saa moja na nusu hivi ikiwa na chakula kizuri, na jenomu yake (DNA yake yote) ilisomwa na kutangazwa mwaka 1996, ya kwanza miongoni mwa viumbe ambavyo seli zao zina kiini. Ina jeni kama 6,000. Protini zake nyingi zina ndugu zao ndani yetu na ndani ya mpunga, kwa hiyo jambo likieleweka kwenye hamira, huwa tumepata pa kuanzia kwingine.

Tuanze na maji. Weka hamira ghafla kwenye maji yenye kama gramu 23 za chumvi kwa lita, kiwango kinachotumika sana maabara, na ndani ya sekunde chache seli inasinyaa kwa sababu maji yanatoka. Seli inahisi. Kuna mnyororo wa protini unaopokezana taarifa hadi kwenye protini moja iitwayo Hog1, ambayo jeni yake ilielezwa mwaka 1993. Katika dakika chache Hog1 inaingia ndani ya kiini na kuwasha jeni nyingi, mojawapo ikiwa ile inayoongeza utengenezaji wa gliserini. Wakati huohuo mlango ambao kwa kawaida huivujisha gliserini nje unafungwa. Gliserini inajaa ndani, maji yanarudi, seli inapata tena umbo lake.

Ni gliserini hiihii tunayopaka mwilini hapa Dodoma mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kipupwe unapopasua midomo na visigino. Inashika maji. Hamira inaitengeneza yenyewe, kutokana na sukari inayokula.

Jeraha la pili linakuja taratibu zaidi. Sodiamu inapenya ndani kwa kupitia njia zilizokusudiwa potasiamu, na ikishajaa inaharibu vimeng'enya vilivyozoea potasiamu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kimeng'enya Hal2. Kazi yake ni kusafisha taka moja inayozalishwa seli inapotumia salfa kutengeneza methionini, moja ya vijenzi vya protini. Mwaka 1995 watafiti wa Valencia, Hispania, walionyesha kwamba sodiamu inakizuia kimeng'enya hiki, na lithiamu inakizuia vikali zaidi. Taka inarundikana, kazi nyingine zinakwama. Ndiyo maana hamira ikipewa methionini ya kutosha kwenye chakula chake, inaivumilia chumvi vizuri zaidi: inakuwa haina haja kubwa ya kupita njia iliyoziba. Ninalipenda sana tokeo hili. Ukiambiwa chumvi ina sumu unabaki na wasiwasi mkubwa usio na mahali pa kushika, lakini hapa unaonyeshwa kimeng'enya kimoja chenye jina.

Tunayatenganishaje majeraha hayo mawili, ikiwa chumvi inaleta yote kwa pamoja? Tayari tumeanza kutumia molekuli ndogo. Sobitoli, aina ya sukari-pombe inayowekwa kwenye baadhi ya dawa za meno, inavuta maji nje ya seli kama chumvi lakini haina sodiamu. Lithiamu kidogo sana inaleta sumu inayofanana na ya sodiamu, lakini haifiki kiwango cha kuvuta maji. Hamira inayoanguka kwenye sobitoli ina tatizo la maji. Inayostahimili sobitoli lakini inaanguka kwenye lithiamu ina tatizo la ioni, yaani la sumu ya sodiamu yenyewe. Sahani tatu za maabara, ya chumvi, ya sobitoli na ya lithiamu, na swali moja limegawanyika mara mbili.

Watu wa biokemia wakisema molekuli ndogo wana maana ya kitu chenye uzito wa chini ya daltoni 1,000 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Aspirini ina 180. Insulini, ambayo ni protini, ina zaidi ya 5,800, na Hog1 ni kubwa zaidi kwa mbali. Kwa kuwa ni ndogo, nyingi kati ya molekuli hizi zinaweza kupenya utando wa seli, zikaingia kwenye tundu la protini fulani na kuizuia isifanye kazi.

Hapo msomaji makini atauliza: kwa nini usiifute tu jeni yenyewe? Kwa hamira hilo ni jambo jepesi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna mkusanyiko wa aina za hamira ambamo karibu kila jeni imefutwa, moja kwa kila aina. Tatizo ni muda. Seli iliyofutiwa jeni imeishi bila jeni hiyo vizazi vingi kabla hujaipa chumvi. Imeshajirekebisha kwa njia usizozijua, na unachokipima ni jeraha pamoja na makovu yake. Molekuli unaiweka dakika unayotaka, kwa kiasi unachotaka, kisha unaiosha na kutazama kama seli inarudi ilivyokuwa. Kwenye somo la chumvi, ambako mambo ya dakika ya tano si mambo ya saa ya tatu, uwezo huo ni kila kitu.

Kuna hata njia ya kuziunganisha mbinu hizo mbili. Mwanakemia Kevan Shokat na wenzake walionyesha kwamba ukibadilisha jeni kidogo tu, ukaongeza nafasi ndani ya tundu la kimeng'enya, unaweza kutengeneza molekuli inayoingia kwenye tundu hilo na kutoingia kwenye matundu ya ndugu zake. Hog1 imefanyiwa hivyo. Watafiti wanaipa seli chumvi, wanaiacha Hog1 ifanye kazi kwa muda, kisha wanaizima katikati ya safari na kutazama kinachotokea. Huwezi kulifanya hilo kwa kufuta jeni.

Sasa mitokondria. Kila kitabu cha shule kinaandika kwamba hapo ndipo nishati inapotengenezwa, lakini namna yenyewe hupitwa haraka, na bila namna hiyo molekuli zinazofuata hazitaeleweka. Chukua bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Maji yamezuiwa upande mmoja wa ukuta, na yanapopewa njia kupitia mitambo yanazungusha na kutoa umeme, megawati 80. Mitokondria inafanya hivyo kwa protoni. Elektroni kutoka kwenye chakula zinapita katika mnyororo wa protini hadi zinakutana na oksijeni, na safari hiyo inasukuma protoni upande mmoja wa utando wa ndani. Protoni zinarudi kupitia mtambo mmoja unaozunguka kwelikweli, na mzunguko huo unatengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ambayo seli inaitumia. Peter Mitchell alilipendekeza wazo hili mwaka 1961, akapingwa kwa miaka mingi, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Kwenye mfumo huu molekuli ndogo zinafanya kazi ya kupendeza. Oligomaisini, inayotolewa na bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces, inakwamisha mtambo. Protoni hazipiti, shinikizo linapanda nyuma ya ukuta, mnyororo wa elektroni unapunguza mwendo na oksijeni inatumika kidogo. CCCP, kemikali nyingine ya maabara, inafanya kinyume: inatoboa ukuta, protoni zinavuja bila kupita kwenye mtambo, ATP haitengenezwi, lakini mnyororo sasa unakimbia kwa kasi yote na oksijeni inaliwa sana. Antimaisini A nayo inaukata mnyororo katikati, na kila kitu kinasimama.

Ukizitumia moja baada ya nyingine kwenye chupa iliyofungwa yenye kipima oksijeni, unapata maelezo kamili ya afya ya mitokondria. Kwanza unaandika matumizi ya oksijeni ya seli ilivyo. Unaweka oligomaisini: matumizi yaliyotoweka ndiyo yaliyokuwa yakitengeneza ATP, yaliyobaki ni uvujaji wa ukuta. Unaweka CCCP: sasa unaona uwezo wa juu kabisa wa mnyororo. Unamaliza na antimaisini A, na chochote kinachoendelea kula oksijeni baada ya hapo si mnyororo huu. Ukirudia yote hayo kwa seli zilizokaa saa mbili kwenye chumvi, hutasema tena kwa jumla kwamba mitokondria imeathirika. Utasema ni ukuta unaovuja, au ni mtambo, au ni mnyororo. Nimeona ripoti nyingi za wanafunzi zikiishia kwenye neno "kuathirika", na kila mara nadhani kipimo hiki kingeziokoa.

Lakini hamira ina tabia moja ambayo ni lazima uijue kabla hujapima chochote. Ikipewa glukosi nyingi, inachachusha tu, hata oksijeni ikiwepo. Inaishi vizuri kwa ATP mbili kwa kila molekuli ya glukosi na kuiacha mitokondria bila kazi kubwa. Ndiyo maana jaribio la shule la kufunga puto kwenye mdomo wa chupa yenye hamira, sukari na chumvi, zuri kama lilivyo, halikuambii lolote kuhusu mitokondria: gesi inayojaza puto ni ya uchachushaji. Ukitaka kuilazimisha hamira itumie mitokondria, nyima glukosi na ipe chakula kisichochachushika. Chakula kinachotumika sana maabara ni gliserini. Ndiyo, molekuli ileile inayoilinda na chumvi inaweza pia kuwa mlo wake, kwa sharti kwamba mitokondria ni nzima.

Tabia hiyo ya kuweza kuishi bila kupumua ndiyo iliyofungua mlango wa utafiti huu wote, na aliyeufungua alitumia molekuli ndogo. Mwaka 1949 Boris Ephrussi na wenzake, Ufaransa, waliitia hamira akriflavini, rangi iliyotumika kuulia vijidudu kwenye vidonda. Karibu seli zote zikageuka kuwa za aina mpya: kwenye sahani ya glukosi zilitoa vidoa vidogo badala ya vikubwa, na kwenye chakula kisichochachushika hazikukua kabisa. Hali hiyo ilirithiwa na wajukuu wao, lakini si kwa kanuni zinazofuatwa na jeni za kwenye kiini. Baadaye ilieleweka kwamba mitokondria ina DNA yake, na akriflavini ilikuwa imeiharibu. Ilionekana pia kwamba ethidiamu bromaidi inaweza hata kuifuta DNA hiyo yote.

Wafugaji wa ukanda wa kati wameishi jirani na ethidiamu bila kujua uhusiano wake na hamira. Kwa jina lake jingine, homidiamu, ni dawa ya zamani ya nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o. Kimelea cha nagana nacho kina DNA ya mitokondria, tena ya ajabu, na dawa hii inaikamata hiyo. Molekuli ileile, udhaifu unaofanana, viumbe viwili tofauti kabisa. Kloramfenikoli, ambayo wengi wanaifahamu kama dawa ya macho, ina habari ya aina hiyohiyo. Inazuia ribosomu (viwanda vya protini) za bakteria, na kwa kuwa mitokondria ina asili ya bakteria, inazuia ribosomu za mitokondria pia huku ribosomu nyingine za seli zikiendelea na kazi. Mtafiti anayetaka kujua kama mwitikio fulani wa chumvi unahitaji protini zinazotengenezwa ndani ya mitokondria ana kifaa mkononi.

Basi tukutanishe mambo yote. Chumvi ikija, mitokondria inahusika vipi?

Kwa mahesabu ya haraka ungesema haihusiki sana, angalau penye glukosi. Tena kuna sababu nzuri ya kutegemea kwamba seli isiyo na mitokondria inayofanya kazi ingestahimili chumvi vizuri zaidi. Kutengeneza gliserini kunatumia NADH, kibebaji cha elektroni. Mnyororo wa mitokondria nao unakula NADH. Vitu viwili vinagombea mfuko mmoja, na seli isiyopumua ina NADH nyingi ya kumwaga kwenye gliserini.

Matokeo yakawa kinyume. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Valencia lilichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kazi ya mitokondria ni sehemu ya kuzoea chumvi: jeni mbalimbali za mitokondria zinaongezwa nguvu seli inapopata chumvi, na seli zenye kasoro katika mitokondria zinapata shida zaidi. Hapa ndipo somo linapokuwa zito, kwa sababu maelezo yanayowezekana ni zaidi ya moja, na yote yana mantiki. La kwanza ni ATP: pampu inayoitoa sodiamu nje, Ena1, inatumia ATP kila inapozunguka. La pili ni sumu za oksijeni zinazoongezeka seli ikiwa kwenye dhiki, ambazo mitokondria ina vifaa vya kuzikabili na pia ina uwezo wa kuzizalisha. La tatu ni kwamba mitokondria si jenereta tu; ndani yake kunatengenezwa vitu vingi ambavyo seli inavihitaji iwe inapumua au haipumui. Maoni yangu ni kwamba watu wanakimbilia ATP upesi mno, kwa sababu ndiyo tuliyofundishwa kwanza. Kwenye glukosi nyingi, uchachushaji unatoa ATP kwa kasi. Kabla ya kuilaumu ATP, ionyeshe kwanza kwamba imepungua.

Ukiyatenganisha maelezo hayo kwa molekuli utafurahi, halafu utakutana na mitego. Chukua CCCP. Unaiweka kwenye seli zilizo kwenye chumvi, seli zinakufa, unaandika kwamba mitokondria ni ya lazima. Lakini CCCP haichagui utando wa kutoboa. Inatoboa pia utando wa nje wa seli na wa vakuoli, kifuko cha akiba cha ndani ya seli, na tando hizo nazo zina tofauti ya protoni ambayo seli inaitegemea kwa kazi ya chumvi: protini Nha1 inatoa sodiamu nje kwa kubadilishana na protoni, na Nhx1 inaifungia sodiamu ndani ya vyumba vya seli kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo seli zako huenda zimekufa kwa kushindwa kuitoa sodiamu, na mitokondria haina kosa. Penye swali la chumvi, mimi ningeanza na antimaisini A na kuiacha CCCP kwa kipimo cha oksijeni tu.

Mtego mwingine tunaupata kwenye utupa, mmea ambao majani yake yalitwangwa tangu zamani na kutupwa mtoni ili kulewesha samaki, uvuvi ambao sasa umekatazwa. Miongoni mwa sumu zake imo rotenoni. Inaziba tata ya kwanza, yaani kundi la kwanza la protini, ya mnyororo wa mitokondria, na samaki anakufa akiwa na oksijeni asiyoweza kuitumia. Ukiitia hamira rotenoni ukitegemea kuzima upumuaji, hakuna kitakachozimika. Saccharomyces cerevisiae haina kabisa tata hiyo. Mahali pake kuna kimeng'enya kimoja kidogo, Ndi1, ambacho rotenoni haikigusi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliichukua jeni ya Ndi1 na kuiweka kwenye seli za mamalia zenye kasoro katika tata ya kwanza, na upumuaji ukarudi. Mtu asiyelijua jambo hili angeweza kuhitimisha kwamba upumuaji hauna maana kwa hamira kwenye chumvi, kisa tu alichagua sumu isiyo na pa kushika.

Kuna na vizuizi vidogovidogo. Hamira ina pampu za kutapika dawa, maarufu ikiwa Pdr5, na molekuli inayotapikwa itaonekana haina athari. Ndiyo maana maabara nyingi hutumia aina iliyofutiwa pampu hizo. Molekuli nyingi haziyeyuki majini, zinayeyushwa kwanza kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, na DMSO yenyewe ni molekuli ndogo inayogusa tando. Sahani ya DMSO peke yake ni lazima iwepo. Rangi zinazong'aa ndani ya mitokondria zinaingia kwa kuvutwa na chaji, na chumvi inaibadilisha chaji ya utando wa nje pia, hivyo mwanga ukipungua haina maana moja kwa moja kwamba mitokondria imelegea.

Basi unaiamini molekuli lini? Jibu zuri kuliko yote lipo kwenye dawa ambayo mgonjwa aliyepandikizwa figo anaifahamu. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza upandikizaji wa figo mwaka 2018, na takrolimasi ni moja ya dawa kuu zinazotumika duniani kuzuia mwili usikatae figo mpya. Awali iliitwa FK506, na ilipatikana katika bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Mwilini inazima protini ya kalsinurini. Hamira nayo ina kalsinurini, na inaitumia kwenye chumvi: kalsinurini inaamsha protini Crz1, na Crz1 inaongeza utengenezaji wa pampu Ena1. Ipe hamira FK506 pamoja na chumvi, nayo inaivumilia chumvi vibaya zaidi.

Tunajuaje kwamba ni kalsinurini, na si kitu kingine ambacho FK506 imekigonga njiani? Kwa sababu FK506 peke yake haiwezi kuigusa kalsinurini. Ni lazima kwanza ishikane na protini ndogo iitwayo Fpr1, kisha wawili hao kwa pamoja ndio wanaoizima. Futa jeni ya Fpr1, na dawa inakuwa maji. Seli inakua kwenye chumvi kana kwamba hujaweka kitu. Oligomaisini ina ushahidi wa namna hiyohiyo: hamira zilizopata usugu dhidi yake zilikutwa na mabadiliko kwenye jeni za ATP6 na ATP9, zilizopo kwenye DNA ya mitokondria na zinazotengeneza vipande vya mtambo wenyewe. Molekuli yenye ushahidi wa aina hii naiamini. Isiyo nao, naichukulia kama fununu.

Sasa kurudi kwa mpunga, na hapa tahadhari inahitajika. Hamira inakua kwenye gramu 23 za chumvi kwa lita, wakati mpunga unaanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikifika desisimensi 3 kwa mita, yaani karibu gramu 2 kwa lita. Mzabibu ni dhaifu zaidi, unaanza kwenye desisimensi 1.5. Mmea una mizizi, majani na mishipa ya maji, mambo ambayo seli moja haina. Na hizi molekuli si dawa ya shamba: antimaisini, oligomaisini na CCCP ni sumu, na mahali pake ni maabara. Jaruba lenye chumvi linahitaji mifereji ya kutolea maji, maji safi ya kusuuzia na, sodiamu ikizidi, jasi.

Hata hivyo daraja kati ya hamira na mpunga lipo, na limeshavukwa. Hamira iliyofutiwa Ena1 na Nha1 haiwezi kuitoa sodiamu, inaanguka kwenye chumvi kidogo tu. Seli ya namna hiyo ni uwanja mtupu: weka ndani yake jeni ya mmea unayoishuku, na kama seli inasimama tena, jeni yako inatoa sodiamu. Hivyo ndivyo ilivyothibitishwa kazi ya jeni SOS1 ya mmea wa Arabidopsis, na mwaka 2007 ikaonyeshwa kwamba ndugu yake kutoka kwenye mpunga, OsSOS1, anafanya kazi hiyo ndani ya hamira.

Jaribio ambalo ningependa kuliona likifanywa hapa linaanzia hapo. SOS1 haitumii ATP moja kwa moja. Inaendeshwa na protoni, na protoni hizo zinasukumwa nje na pampu nyingine inayokula ATP. Chukua hamira yenye OsSOS1 na isiyo nayo. Zipande kwenye sahani za glukosi na za gliserini, zenye chumvi, zenye sobitoli na zisizo na kitu, kwa joto la nyuzi 30. Kwa upande wa glukosi ongeza sahani zenye antimaisini A na nyingine zenye DMSO tupu. Upande wa gliserini antimaisini haina kazi, kwa sababu itazuia kila seli kukua hata bila chumvi. Kama OsSOS1 inaiokoa seli kwenye glukosi pasipo antimaisini, kisha inashindwa ikiwepo, wakati sahani ya sobitoli haibadiliki, basi faida ya jeni hiyo inategemea mitokondria, na mzalishaji wa mbegu anayeitafuta kwenye mpunga atapaswa kuangalia pia upumuaji wa mizizi kwenye jaruba lililojaa maji, ambako oksijeni ni haba. Kama inaiokoa seli antimaisini ikiwepo na isipokuwepo, swali la nishati linaweza kuwekwa kando, na kazi ikaendelea kwenye sodiamu peke yake.